Fundi Anapoomba Kazi: Kuufanya Ujuzi Usomeke Kwenye Karatasi

Cheptiret iko kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Nakuru, pale magari ya kuelekea Chuo Kikuu cha Moi yanapokata kona kwenda Kesses. Ni mji mdogo wa mahindi, ngano na maziwa, na kwa sababu hiyo ni mji wa mafundi. Kuna makanika wa matrekta, wachomeleaji wa milango na matela, mafundi wa pampu na mashine za kukamulia, waashi, mafundi cherehani, wasusi. Mvua za Machi zikianza kunyesha, au kombaini zikiwa tayari kuingia kwenye ngano, hakuna mkulima anayemuuliza makanika alisomea wapi. Swali ni moja tu: itawaka leo?

Siku fundi huyo huyo anapotaka kazi ya mshahara, mambo hugeuka. Chuo kikuu kilicho jirani, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, kiwanda cha nguo cha Rivatex na bodi ya utumishi wa umma ya Kaunti ya Uasin Gishu vyote huhitaji mikono ya mafundi, lakini vyote huanza kwa karatasi. Anayezisoma karatasi hizo kwa mara ya kwanza kwa kawaida ni afisa wa ajira ambaye pengine hajawahi kushika spana. Mbele yake kuna tangazo la kazi, rundo la maombi, na jedwali la kutia alama: cheti kipo au hakipo, gredi inafika au haifiki, miaka mitatu imetimia au haijatimia. Hana njia ya kujua kwamba mwombaji nambari 84 ndiye anayeitwa na kijiji kizima trekta likizima katikati ya shamba. Anajua kilichoandikwa tu.

Kwa hiyo kuna makundi mawili yanayopoteza kazi bila kustahili. La kwanza ni la wenye ujuzi usio na karatasi. La pili ni la vijana wenye vyeti ambao, wakifika kwenye sehemu ya uzoefu, huandika "sina" na kuendelea mbele, ilhali wanao kiasi. Mwongozo huu ni wa makundi yote mawili, ingawa la kwanza litachukua nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndilo lenye njia nyingi ambazo watu hawazijui.

Gredi hushuka, ngazi hupanda

Tuanze na mkanganyiko unaowaumiza wengi. Kenya ina familia zaidi ya moja ya vyeti vya ufundi, na hazihesabu kwa mtindo mmoja.

Familia ya kwanza ni ya majaribio ya ufundi ya serikali, ambayo mafundi wenyewe huyaita tredi testi. Husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, iliyotokana na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2011. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na idara ya serikali ya mafunzo ya viwanda, na mzee aliye na cheti cha wakati huo asikitupe. Hapa mtu huanzia Gredi ya 3, akapanda hadi ya 2, akamalizia ya 1. Nambari ndogo ndiyo kubwa.

Familia ya pili ni ya vyuo: atisani, krafti na diploma, ambazo kwa miaka mingi mitihani yake ilitungwa na Baraza la Mitihani, KNEC. Familia ya tatu ni ya mtaala wa umilisi, ambao tathmini yake husimamiwa na baraza la TVET CDACC, na vyeti vyake huhesabiwa kwa ngazi kuanzia 3 hadi 6. Ngazi hizo zimefungamana na Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu uliowekwa na sheria ya 2014, ambao una ngazi 10. Ngazi ya 4 inalingana na atisani, ya 5 na krafti, ya 6 na diploma, ya 7 ni shahada ya kwanza, na ya 10 ni uzamivu. Hapa nambari kubwa ndiyo kubwa.

Msomaji ameshaona hatari iliyopo. Mwombaji akiandika "Umeme, 1" na mwingine "Umeme, 5", afisa aliyechoka anaweza kumweka wa kwanza chini, kumbe ndiye mwenye gredi ya juu kabisa ya jaribio la serikali. Andika jina kamili la cheti, aliyekitoa, fani, gredi au ngazi, na mwaka. Mfano: "Cheti cha Jaribio la Ufundi la Serikali, Gredi ya 1 (ya juu kabisa), Utandazaji Nyaya za Umeme, NITA, 2019." Hayo maneno matatu kwenye mabano hayamgharimu mtu chochote na yanaweza kumwokoa.

Matangazo ya kazi hupenda pia kumalizia sharti kwa maneno haya: "au cheti kinacholingana nacho kutoka taasisi inayotambulika". Wengi huyaruka. Ni maneno mazito kwa sababu ndiyo mlango wa mtu ambaye cheti chake hakikutajwa kwa jina. Tangazo likitaka krafti na wewe una Ngazi ya 5 ya umilisi, sema waziwazi kwenye barua kwamba cheti chako kiko Ngazi ya 5 ya mfumo wa kitaifa, ngazi ile ile ya krafti. Usimwachie afisa akutafutie. Na kama hujui cheti chako kinakaa ngazi gani, Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, ndiyo yenye kazi ya kulinganisha vyeti, vya ndani na vya nje.

Kuhusu "taasisi inayotambulika": chuo cha ufundi hupewa leseni na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, TVETA, iliyoundwa na sheria ya 2013, na orodha ya vyuo vyenye leseni iko wazi kwa umma. Chuo kinaweza kuwa na jengo la ghorofa tatu mjini Eldoret na bango linalowaka usiku, na kisiwemo kwenye orodha. Kumbuka pia kwamba leseni ya chuo ni jambo moja na idhini ya kufundisha kozi fulani ni jambo jingine. Uliza yote mawili kabla ya kulipa karo. Kwa upande wa vyuo vya ufundi vya vijana, vile vilivyozaliwa miaka ya 1960 baada ya baraza la makanisa, NCCK, kuuliza mwaka 1966 wahitimu wa shule za msingi wataelekea wapi, Katiba ya 2010 iliviweka mikononi mwa kaunti. Wapo waombaji wanaoona haya kuviandika kwenye wasifu wao, wakidhani ni vya walioshindwa masomo. Hiyo ni haya isiyo na msingi, kwani cheti cha mwisho hutoka kwa baraza la mitihani au NITA, si kwa chuo chenyewe.

Uzoefu si lazima uwe wa ofisini

Sasa tuingie penye kazi. Tangazo likisema "uzoefu wa miaka mitatu katika fani husika", halisemi miaka mitatu ya mshahara wa benki. Linataka ushahidi wa muda na ushahidi wa aina ya kazi. Fundi aliyefanya kazi gereji, kibarua aliyejenga mabweni ya wanafunzi kwa misimu minne, binti aliyeshona sare za shule kwa oda, wote wana muda na wote wana aina ya kazi. Wanachokosa ni ushahidi.

Ushahidi wa kwanza, na ambao wafanyakazi wengi hawajui kuwa ni haki yao, ni cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho kazi inapokwisha, isipokuwa kama kazi haikufika wiki nne mfululizo. Cheti kinataja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa, na tarehe ya kumaliza. Mwajiri anayekataa kwa makusudi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Haijalishi mliachana vipi. Hata aliyefukuzwa anastahili cheti hicho.

Ila sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kukusifu. Barua ya sifa ni hiari yake. Cheti cha tarehe na aina ya kazi ni wajibu wake. Kwa hiyo unapokwenda kwa bosi wa zamani ambaye hamkuagana vizuri, usimwombe akuandikie kwamba wewe ni mchapakazi hodari. Mwombe tarehe na aina ya kazi. Mambo mawili hayo ndiyo afisa wa ajira anayoyatafuta, na ni vigumu kwa mtu kuyakataa. Peleka ombi lako kwa maandishi, ubaki na nakala.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 9, inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Na kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kama mfanyakazi wa mkataba wa kawaida. Kwa hiyo "nilikuwa kibarua tu" si jibu la mwisho. Aliyebeba matofali Jumatatu moja ni kibarua; aliyekuwa msaidizi wa mwashi mkuu kwa miezi minane kwenye jengo moja ana historia ya kazi.

Na aliyejiajiri? Huyu hana bosi wa kumwandikia, na Cheptiret imejaa watu kama yeye. Ushahidi wake unapatikana kwingine: leseni ya biashara ya kaunti yenye tarehe, stakabadhi za vipuri au vyuma alivyonunua, taarifa za malipo ya M-Pesa zinazoonyesha wateja wakimlipa mwezi baada ya mwezi, picha za kazi kabla na baada, barua fupi kutoka kwa wateja wanaojulikana, tuseme chama cha ushirika cha maziwa ambacho mitambo yake huihudumia, au shule ambayo madawati yake aliyachomelea. Barua tatu za namna hiyo, zenye nambari za simu zinazopokelewa, zina uzito kuliko barua ya chifu. Chifu anaweza kuthibitisha kwamba unakaa eneo lake na wazazi wako anawajua. Hawezi kuthibitisha kwamba unajua kufunga giaboksi. Bado watu hupanga foleni kwa chifu kila tangazo la kazi linapotoka.

Kijana wa chuo ana hazina yake pia. Mafunzo ya nyanjani, atachimenti, ni uzoefu. Miezi mitatu katika karakana ya kaunti ni miezi mitatu, mradi kitabu cha kumbukumbu kimejazwa, kimetiwa sahihi na msimamizi na kugongwa muhuri. Wengi hukisalimisha chuoni bila kubaki hata na nakala, kisha wakitakiwa kueleza walichofanya hubaki na sentensi moja: "Nilifanya atachimenti kwa kampuni fulani." Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujakiachia. Wanaosoma kwa mtaala wa umilisi wana jalada la ushahidi la kazi walizotathminiwa kwazo. Nalo ni lao, na linafaa kubebwa kwenye usaili.

Kuugeuza ujuzi kuwa cheti

Kuna fundi ambaye hata akikusanya barua zote hizo bado sharti la tangazo linamfungia nje: cheti, nukta. Kwake kuna njia mbili halali, na mtu asimdanganye kwamba lazima arudi darasani miaka miwili.

Ya kwanza ni kufanya jaribio la ufundi la NITA. Halikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo peke yao; aliyejifunza kazi chini ya fundi mwenzake anaweza kujisajili na kupimwa. Kiini chake ni vitendo: unapewa kazi ya fani yako, unaifanya mbele ya mpimaji ndani ya muda. Msaidizi wa miaka mitano kwenye gereji ya dizeli hana sababu ya kuiogopa Gredi ya 3, ingawa afahamu kwamba mpimaji huangalia pia mambo ambayo gereji nyingi za kando ya barabara huyapuuza, kama viatu vya usalama, miwani ya kuchomelea, vipimo sahihi na usafi wa eneo la kazi. Wengi walio hodari huangukia hapo.

Mwajiri wako wa sasa anaweza kukusaidia. Waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo ya viwanda wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anayelipa anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA. Kampuni nyingi hulipa ushuru huo na kuusahau. Mfanyakazi anayeingia ofisini na hoja hiyo mkononi huwa na nafasi nzuri kuliko anayeomba msaada kwa jumla.

Njia ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana awali, unaojulikana kwa kifupi kama RPL. Hapa hufundishwi, unatathminiwa ulichokwisha kukijua, kupitia jalada la ushahidi, mazungumzo na kazi ya vitendo, kisha unapewa cheti cha ngazi unayoifikia. Ukikutwa na pengo, unaambiwa ni lipi ili ulijaze hilo tu. KNQA ndiyo inayoratibu sera yake nchini, na mradi wa NYOTA wa serikali kwa ufadhili wa Benki ya Dunia umeuweka utambuzi huu miongoni mwa huduma zake kwa vijana wa miaka 18 hadi 29. Ukiwa ndani ya umri huo, fuatilia matangazo yake katika kaunti. Ukiwa umeupita, uliza kwenye chuo cha kiserikali kilicho karibu, kama Eldoret National Polytechnic, kama kimeidhinishwa kufanya tathmini hiyo katika fani yako.

Wakenya hawakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hili. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini: waashi, mafundi magari, wapishi na wahudumu wa hoteli. Uganda ina kijitabu kiitwacho Worker's PAS, ambamo huandikwa kila stadi mfanyakazi aliyopimwa na kuimudu, moja baada ya nyingine. Fundi wa Uganda au Tanzania anayeomba kazi Eldoret asiache karatasi hizo nyumbani.

Halafu kuna leseni, ambazo si vyeti lakini bila hizo cheti hakitoshi. Fundi wa umeme anahitaji leseni ya mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, inayoanzia daraja la C-2 kwa kazi ndogo na kupanda hadi daraja A-1; wa sola ana madaraja yake, T1 hadi T3. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ina jukumu la kuwaidhinisha mafundi stadi na wasimamizi wa maeneo ya ujenzi, kwa hiyo mwashi mwenye kadi yake humtangulia asiye nayo. Mwenye diploma ya uhandisi anaweza kusajiliwa kama teknishiani na bodi ya KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Tangazo likitaja mojawapo ya hizi, weka nambari ya usajili kwenye ukurasa wa kwanza wa wasifu. Isifichwe chini ya sehemu ya mambo unayopenda.

Njia ya tatu ipo, na haifai kujadiliwa sana: kununua cheti. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake ulikuwa umegundua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi miongoni mwa watumishi wa umma. Waliokutwa navyo wanaandamwa warudishe mishahara waliyoila, hata ya miaka ya nyuma.

Kuandika

Tuseme makanika wa matrekta anaomba kazi katika karakana ya taasisi kubwa. Kwa mazoea ataandika: "Nimefanya kazi gereji Cheptiret kwa miaka mingi na nina uzoefu wa kutosha." Sentensi hiyo haina hata jambo moja ambalo afisa anaweza kulitia alama kwenye jedwali lake. Sasa aiandike upya:

"Fundi wa injini za dizeli, gereji ya matrekta, Cheptiret, Machi 2018 hadi Desemba 2024 (miaka 6, miezi 10). Kurekebisha pampu na nozeli za dizeli. Kubadilisha klachi na kufungua giaboksi. Kurekebisha haidroli za matrekta ya Massey Ferguson na New Holland. Kukagua na kuandaa kombaini kabla ya msimu wa ngano. Kuwasimamia wanagenzi wawili. Cheti cha utumishi kimeambatishwa."

Hakuna sifa hata moja humo, na ni yule yule mtu. Angalia jinsi miaka na miezi ilivyojumlishwa kwa niaba ya msomaji. Aliyefanya kazi kwa misimu ajumlishe pia: Machi hadi Juni mwaka mmoja, Oktoba hadi Desemba, tena mwaka uliofuata, kisha aandike jumla. Asijumlishe miezi aliyokaa nyumbani. Usaili ukifika, wataulizia.

Mpangilio nao una uzito. Aliyemaliza shahada Chuo Kikuu cha Moi, akakosa kazi, akaenda kujifunza umeme na kupata Gredi ya 2, akiomba kazi ya fundi umeme aanze na Gredi ya 2 na leseni. Shahada ifuate, kwa mstari mmoja. Akiitanguliza, waajiri wengi watadhani hatakaa. Na aliye na diploma anayeomba kazi ya atisani ajiulize kwanza kama yuko tayari kulipwa kwa daraja hilo, kwa kuwa swali hilo litakuja bila kukosa.

Maombi mengi nchini huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kazi imejifunzwa kwa Kiswahili na Kikalenjin. Anayeandikiwa wasifu kwenye duka la mtandao mara nyingi hurudishiwa ukurasa uliojaa maneno makubwa asiyoweza kuyaeleza. Dawa yake ni kuandika kwanza orodha ya kazi zako kwa lugha unayoifikiria, kisha usimame nyuma ya kijana wa kompyuta akitafsiri, na ukatae neno lolote ambalo huwezi kulieleza ukiulizwa.

Wadhamini wawe watu waliokuona ukifanya kazi: msimamizi, mkufunzi wa karakana, mteja mkubwa. Wapigie simu kabla ya kuandika majina yao, uwaambie ni kazi gani unaomba. Mdhamini aliyeshtukizwa husema "nadhani namkumbuka", na hayo yanatosha kukuangusha. Pasta aongezwe kama nafasi ipo.

Kwenye usaili wa ufundi, kwa kawaida mmoja kati ya walioketi mezani ni mtu wa fani. Huyo hatauliza udhaifu wako ni upi. Atasema: mota inavuma lakini haizunguki, utaanzia wapi? Jibu kwa mpangilio wa ukaguzi, hatua kwa hatua, ukianza na kuzima umeme. Ukipewa kazi ya mkono, uliza vifaa vya kinga hata kama havipo. Kuuliza kwenyewe huandikwa alama. Vaa nguo safi unazoweza kufanyia kazi, na ubebe vyeti halisi pamoja na nakala.

Ukitaka kuvuka mpaka

Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, matangazo ya kazi za huko yamezagaa kila mahali. Masharti yenyewe ni makali kuliko matangazo yanavyodai. Kadi ya fursa, ambayo Ujerumani ilianza kuitoa Juni 2024 kwa wanaotafuta kazi, inataka angalau mafunzo ya ufundi ya miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea, pamoja na lugha. Njia nyingine iliyofunguliwa mwaka huo huo kwa wenye uzoefu inataka miaka miwili ya kazi ndani ya mitano iliyopita, na bado inadai cheti cha namna hiyo. Kozi ya miezi mitatu haihesabiki, hata iwe na muhuri mwekundu. Kwa Ghuba, wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani hutakiwa wapitie mafunzo ya kabla ya safari na kupimwa na NITA.

Uasin Gishu ina sababu ya kuwa macho kuliko kaunti nyingine. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai fedha walizokuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto wao kusoma Finland na Canada, na suala hilo likafika hadi Seneti. Baadhi yao walikuwa wameuza mashamba.

Mawakala wa ajira nchini husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya waliosajiliwa hutangazwa. Itafute uisome mwenyewe kabla ya kutoa shilingi yoyote. Jina la wakala lisipokuwamo, usimlipe, hata kama amekuja na jirani yako.